Mwizi wa Kuku Ana Saa Yake

Katika gombolola ya Lobule, wilayani Koboko, kuku akipotea usiku, asubuhi huanza kutafutwa mtu. Tangu mwaka 2013 wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makazi huko, na nyumba za wageni na za wenyeji zimekaribiana hata kuku wa huyu huparura katika ua wa yule. Unyoya mmoja ukionekana mahali pasipo pake, watosha kuwatenga majirani wawili kwa mwaka mzima, ijapokuwa mwizi mwenyewe ana miguu minne na mkia wenye pete nyeusi.

Na ichukuliwe nyumba moja ya mfano, ambayo yaweza kuwa nyumba yoyote ya askari katika West Nile. Mume ni konstebo wa polisi aliye kazini Arua. Mkewe amebaki Lobule pamoja na watoto na mama mkwe. Tetea wao wa madoadoa ameangua vifaranga 12. Baada ya wiki tatu wamebaki 4. Na asubuhi moja tetea mwenyewe hayupo. Hasara hiyo si ya kitoweo tu. Kuku ni madaftari ya shule, ni sabuni, ni dawa ya homa ya usiku. Ni akiba ya mwanamke ambaye mshahara wa mumewe hauji kila siku. Kwa hiyo haishangazi kumwona mke huyo akijifunga kitenge kwa hasira na kushika njia ya kwenda kwa jirani mkimbizi.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama mkwe amwambia. "Umeangalia chini?"

"Nimeangalia, Mama. Kuna manyoya tu."

"Basi yaulize hayo manyoya kwanza."

Mama huyo anajua asemalo. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, naye alivuka mpaka akiwa mtoto mgongoni mwa dada yake. Mkimbizi hujifunza mapema kwamba kitu kikipotea kijijini, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Manyoya yakiulizwa vizuri, hujibu. Swali la kwanza ni saa. Kifaranga akipotea mchana, pasipo damu wala unyoya, na tetea akapiga kelele akiangalia juu, huyo ni mwewe. Yeye hushuka mara moja, hukamata kwa kucha na kupaa. Kuku mzima humlemea. Kozi ana tabia nyingine: hujificha katika mti, na akimpata kuku mdogo humnyonyoa papo hapo, akaacha duara la manyoya. Nguchiro naye ni mwizi wa mchana, apitaye katika majani marefu. Mayai yakitoweka mchana kutoka kiota kilicho chini, na kenge yafaa ashukiwe.

Usiku wezi hubadilika zamu. Kanu, mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia mrefu wa pete, hupanda ukuta na kuingia juu, chini ya paa la nyasi. Huuma shingo au kichwa, na akiingia katika banda lenye kuku wengi huweza kuua kadhaa ingawa hali zaidi ya mmoja. Fungo ni mkubwa kuliko kanu, na kazi yake hufanya chini zaidi. Nyoka hamezi nusu: humeza yai au kifaranga chote, asiache alama. Chatu aliyemeza kuku mzima mara nyingine hukutwa bado bandani, kwa kuwa tumbo limekataa kupita katika tundu aliloingilia. Ndiyo sababu watoto wakatazwe kabisa kuingiza mkono katika kiota gizani. Swila pia hupenda mayai. Kwanza tochi, kisha fimbo, mkono uwe wa mwisho.

Na binadamu je? Naye yumo. Lakini yeye hufungua komeo, huchagua jogoo mnene, na hamwagi damu mlangoni. Askari mpelelezi atakubali kwamba mtu anayeiba kuku na kuacha kichwa chake nyuma ya nyumba bado hajazaliwa.

Katika nyumba ya mfano, kichwa kimeonekana nyuma ya jiko. Manyoya yamefuatana hadi kwenye nyasi ndefu, na kati ya ukuta wa udongo na paa pana tundu la kuingiza ngumi ya mtoto. Mashtaka dhidi ya jirani yamekwisha.

Tahadhari moja ya ziada: mzoga ulioliwa si ushahidi kwamba mlaji ndiye muuaji. Ugonjwa wa kideri huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na mnyama apitaye usiku hujilia tu aliyekwisha kufa. Wakifa wengi mfululizo, wengine wakipinda shingo na kuharisha kijani, aitwe mganga wa mifugo. Chanjo ya kideri ipo, na kufunga banda hakuwezi kushika nafasi yake.

Banda la usiku ndilo kazi ya kwanza. Wajenzi wa ghala za nafaka wamekwisha kulitoa somo lake, kwani ghala hukaa juu ya miguu ya miti. Banda la kuku nalo liinuliwe kiasi cha mita 1 kutoka ardhini, na kila mguu uvishwe bati laini lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, ili panya na nyoka wengi washindwe kupanda. Kanu ni mpandaji na mrukaji hodari. Kwa hiyo banda lisiwekwe chini ya mwembe, ijapokuwa kivuli chake chapendeza, kwa kuwa tawi la mwembe ni daraja lake. Kuta ziwe za fito zilizobanwa au za matofali ya kuchoma, na juu paa likutane na ukuta pasipo nafasi. Mahali kichwa cha kanu kinapopita, mwili wake wote utafuata.

Wengi hununua waya mwembamba wa kuku wakidhani wamemaliza kazi. Waya huo humzuia kuku asitoke. Mnyama mwenye njaa huurarua, na nyoka hupita katika matundu yake. Fedha zikiwa chache, afadhali kununua kipande kidogo cha waya mgumu wenye matundu madogo kwa ajili ya dirisha, na sehemu nyingine zijengwe kwa miti. Banda lililo chini lizungushiwe mawe yaliyofukiwa, kwa kuwa nyegere huchimba kama aliyeajiriwa. Mlango uwe na komeo linalokaza. Kuku hurudi wenyewe giza linapoanza. Wahesabiwe na kufungiwa wakati huo huo, si baada ya chakula cha jioni, wala baada ya taarifa ya habari.

Siafu hawahesabiwi na wengi kuwa wanyama wakali, lakini katika miezi ya mvua kundi lao likifika usiku humwua tetea juu ya mayai yake, maana yeye hakubali kuyaacha. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka banda husaidia hadi mvua iyaoshe. Miguu ya banda iliyosimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari husaidia kwa muda mrefu zaidi, mradi majani yasiguse banda na kuwapa siafu njia nyingine.

Baada ya usiku, mchana. Hapa ndipo mfugaji mdogo anapopoteza wengi, katika wiki sita za kwanza, na dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: vifaranga wasitembezwe. Tenga kubwa lenye matundu, lililofunikwa juu yao na kukandamizwa kwa jiwe, litawakinga na mwewe, kozi na nguchiro. Lihamishwe kila siku mahali penye nyasi changa na kivuli. Gharama iko katika chakula, kwa kuwa kifaranga aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Mtama uliopondwa, dagaa waliosagwa, ambao Uganda huitwa mukene, na mchwa vyatosha. Mchwa hupatikana kwa kufunika chungu chenye mabua na samadi mbichi juu ya njia yao jioni. Asubuhi chungu hujaa. Maji yawekwe katika sahani yenye vijiwe, vifaranga wasizame.

Wakitoka katika tenga, wapewe mahali pa kukimbilia. Shamba la mihogo karibu na ua ni ngome nzuri. Mwewe hapendi kushuka kati ya mashina yaliyosongamana. Nyasi ndefu, kinyume chake, ni ngome ya adui, na yafaa zifyekwe hatua 20 kuzunguka nyumba. Nchini Kenya wapo wafugaji wanaopaka vifaranga rangi kali ili mwewe asiwatambue. Huenda ndege hushangaa siku za kwanza. Kuitegemea rangi mwezi mzima ni kumdharau mwewe. Kiangazi, nyasi zinapochomwa, uangalifu uongezwe, kwa sababu mwewe hufuata moshi, na wanyama waliofukuzwa na moto husogea karibu na nyumba.

Lipo jambo linalofanywa kwa siri na lafaa lisemwe waziwazi: kutia sumu ya wadudu wa shambani katika mzoga wa kuku ili kumwua mnyama. Sumu hiyo haichagui. Humwua mbwa wa nyumbani, humwua mwewe alaye panya, na mtoto akiushika mzoga huwa msiba. Mwezi Machi mwaka 2021, katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, simba 6 walikutwa wamekufa na tai wafu kando yao, na sumu ikashukiwa. Isitoshe, wanyamapori wa Uganda wanalindwa na Sheria ya mwaka 2019, na itakuwa aibu nyumba ya askari kuwa ya kwanza kuivunja.

Jioni ile mke wa konstebo alikwenda kwa jirani, lakini kwa neno jingine. "Dada, leo wafungie kuku wako mapema. Kanu ameanza kupita."

Jirani alinyamaza kidogo, kisha akamweleza kwamba yeye alipoteza majogoo wawili wiki iliyopita, na hakumwambia mtu, kwa kuwa alidhani anajua ni watoto wa nyumba gani waliowachukua. Alipoulizwa kama aliona manyoya, akachukua tochi, na wote wawili wakaenda kuangalia nyuma ya jiko lake.