Ndagala wanawashiwa taa, abiria wanaachwa gizani

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu wa Uvira, Makobola, Mboko, Baraka, mpaka Kazimia na Kalemie, leo tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kila mtu aliyesafiri kwa boti amekiona: ampuli iliyokufa ndani ya boti. Imefungwa kwenye mbao, waya wake unaning'inia, na hakuna anayekumbuka ni lini iliwaka mara ya mwisho. Boti inajaa, motere inaguruma, jua linazama, na watu tunakaa gizani kama mizigo.

Tusiseme kwamba taa zimetushinda. Usiku usio na mwezi, simama kwenye ufuko uangalie ziwani. Taa za ekipe za ndagala zimepangwa mpaka mbali, utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Zamani wavuvi walitumia taa za mafuta za kupampu. Leo wengi wamehamia kwenye ampuli za LED na batri. Taa ikizimika usiku, mvuvi hangoji kesho. Anafungua, anasugua, anabadilisha waya, kazi inaendelea, kwa sababu anajua bila mwangaza ndagala hawapandi juu na watoto wake hawatakula.

Basi ufundi tunao, vifaa viko sokoni, na mafundi ni vijana wetu wenyewe. Tunawasha taa nzuri ili tupate ndagala, lakini mama aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi, aliyekimbia kijiji chake na godoro moja, tunamkalisha gizani. Nauli yake tunaipokea yote. Ndiyo maana nasema taa ya ndani ya boti isihesabiwe kama mapambo. Ni sehemu ya kile abiria alicholipia, na boti isiyo na taa inayowaka isipakize watu.

Wenye boti watanijibu kwamba safari za usiku zinakatazwa, taa ya ndani ni ya nini? Sisi wote tunajua namna safari zetu zinavyokwenda. Boti iliyotakiwa kuondoka saa mbili asubuhi inaondoka saa nane, kwa sababu inangoja mizigo. Motere inazimika katikati ya njia. Upepo unageuka, kapiteni anajificha nyuma ya rasi mpaka utulie. Halafu kuna siku ambazo watu wanakimbia vita, na siku hizo hakuna anayeangalia saa. Hata mchana, boti iliyofunikwa shitingi kutoka mbele mpaka nyuma ina giza ndani.

Katika giza hilo, maji yanaweza kuingia kupitia ubao uliopasuka na hakuna anayeyaona mpaka miguu ilowe. Mtoto anateleza kati ya magunia. Mkono wa mwizi unaingia ndani ya mfuko, na mkono wa mtu asiye na adabu unamgusa msichana, na asubuhi kila mtu anasema hakuona kitu. Mgonjwa anazidiwa na ndugu yake hamuoni uso.

Kuna pia jambo la jile, yaani makoti ya kujiokoa. Mwezi wa 4 mwaka 2019, baada ya boti kuzama kwenye Ziwa Kivu upande wa Kalehe na watu wengi kupotea, Rais Félix Tshisekedi alifika kule na kuagiza abiria wote wavae jile. Ni agizo zuri. Lakini nimeona boti ambamo jile zimefungwa pamoja kwa kamba na kusukumwa chini ya mbao. Hebu niambieni, usiku, mawimbi yakipiga na watu wakipiga kelele, nani atafungua ile kamba bila kuona?

Sitawadanganya kwamba ampuli inaokoa boti iliyojazwa kupita kiasi. Mwezi wa 12 mwaka 2014, meli Mutambala ilizama kwenye ziwa letu hili, upande wa Katanga, na zaidi ya watu 100 walikufa. Wakubwa walisema wakati ule kwamba ilikuwa na mzigo mzito mno na upepo ulikuwa mkali. Mzigo ukizidi ni kifo, uwe na taa au usiwe nayo. Lakini taa inasaidia hata hapo, kwa sababu inaonyesha. Boti yenye mwangaza ndani, kila mtu anahesabu vichwa, anaona gunia limewekwa juu ya nini, na anaona maji yamefika wapi. Giza linamfaa tu yule asiyependa tuhesabu.

Sasa tuje kwenye ufundi, kwa sababu wengi wanaamini kutengeneza taa za boti ni kazi ya feza nyingi. Nimekaa na mafundi wa batri na wa motere, na wanayosema yanafanana.

Kwanza, taa ikikataa kuwaka, usikimbilie kununua ampuli mpya. Mara nyingi ampuli ni nzima. Kilichokufa ni mahali ambapo waya mbili zinakutana, kwa sababu unyevu umeingia na chuma kimefanya kutu au rangi ya kijani. Fundi anaanza kwenye batri, anapita kwenye fyuzi, kisha kitufe cha kuwashia, kisha mahali ampuli inapokaa, na mwisho ndiyo anaangalia ampuli yenyewe. Kusugua vizuri kwa msasa kunaweza kurudisha mwangaza bila kununua kitu.

Pili, boti ya mbao si gari. Fundi wa gari amezoea kupitisha waya mmoja tu, kwa sababu bati la gari linarudisha umeme kwenye batri. Mbao haifanyi hivyo. Kila taa ndani ya boti inahitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi. Waya zipite juu, karibu na ukingo, wala zisilale chini ambapo maji yanakusanyika. Mahali zinapoungwa, kuzisokota na kufunga plastiki haitoshi. Ziunguzwe kwa risasi ya kuchomea, kisha zifunikwe vizuri maji yasiingie.

Tatu, fyuzi iwekwe karibu na batri, kwenye waya wa chanya. Waya ukichubuka na kugusana na mwenzake, fyuzi ndiyo inakufa badala ya boti kuungua. Wapo wanaotoa fyuzi iliyoungua na kuweka kipande cha waya mahali pake. Kufanya hivyo juu ya boti yenye bidoni za esansi ni kuchezea moto. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini ndani ya boti, na cheche moja inatosha. Kwa hiyo batri na vitufe vikae mbali na bidoni, na kabla ya kugusa waya wowote fundi aondoe kwanza waya wa batri. Mshumaa na kibatari havina nafasi kabisa ndani ya boti.

Nne, ampuli za zamani za gari zibadilishwe na LED za volti 12. Hapa hesabu ni rahisi, na mtoto wa shule anaweza kutusaidia. Ampuli ya gari ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75. Tano zikiwaka pamoja zinakula karibu ampea 9. Batri ya ampea-saa 70, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, itazibeba kama saa 4 tu. LED tano za wati 3 kila moja zinakula ampea 1.25 zote pamoja. Batri ileile itaziwasha zaidi ya saa 25. Kwa hiyo yule anayesema taa zinamaliza batri, anasema juu ya ampuli za jana. Angalieni tu kwamba LED nyingi zinajua upande wa chanya na wa hasi, na ukigeuza waya haziwaki. Usiitupe kwa fundi ukisema ni mbovu kabla ya kugeuza.

Kapiteni naye ana neno lake, na ni neno la kweli: taa kali ndani ya boti inamfanya asione mbele. Jicho lililozoea giza, likipigwa na mwangaza mweupe, linahitaji muda mrefu kurudi kuona vizuri. Lakini dawa yake haiwi kuzima kila kitu. Taa za abiria ziwekwe chini, usawa wa magoti, zikitazama sakafu, na ziwe na kifuniko upande wa kapiteni. Pale anapokaa mwenyewe iwekwe taa ndogo nyekundu, kwa sababu rangi hiyo haiharibu macho ya usiku kama nyeupe.

Neno la mwisho ni gumu zaidi, nalo linatoka kwa ndugu zetu waliohama makao yao. Wanasema kuna usiku ambapo mwangaza unaweza kuwaita watu wenye silaha. Sitawabishia, maana ninyi ndio mliopita njia hiyo. Ila tufikiri pamoja. Taa iliyowekwa chini ya ukingo, na yenye kitufe kimoja mkononi mwa kapiteni, haionekani mbali na inazimwa mara moja. Lakini boti isiyo na taa yake inawaka simu thelathini, kila mtu anamulika anakotaka, juu, pembeni, mbele ya macho ya kapiteni. Hizo ndizo zinazoonekana mbali, na hakuna awezaye kuzizima kwa pamoja.

Wenye boti, ninawaomba mfanye kitu kimoja. Kaeni na fundi, mwandike kwenye karatasi bei ya LED tano, waya, fyuzi, kitufe na kazi yake. Pembeni mwandike feza ya esansi mnayochoma kwa safari moja ya Uvira na Baraka. Halafu muangalie karatasi hiyo kabla ya kuniambia kwamba taa ni ghali.

Watumishi wa bandari, mnapanda juu ya boti kukagua karatasi na kupokea kodi. Ongezeni neno moja: "Washa." Ampuli zikiwaka, boti iende. Zikikataa, fundi aitwe palepale, abiria wangoje ufukoni. Kungoja saa moja kwenye mchanga hakujamuua mtu. Na mashirika yanayokodi boti kupeleka familia au misaada yaandike kwenye mkataba kwamba taa za ndani ziwe zinawaka, kama yanavyoandika kuhusu jile.

Ninyi wazazi mnaosafiri na watoto, najua hamna nguvu ya kuchagua boti kila siku. Wakati mwingine ni hiyo iliyopo au kubaki. Lakini kabla ya kulipa, mnaweza kuuliza kwa heshima: "Kapiteni, utuwashie taa tuone pa kukaa." Mmoja akiuliza, atachekwa. Watu kumi wakiuliza, siku ya pili ampuli itabadilishwa. Mkishaingia, ombeni jile zigawanywe kungali mchana, na mtoto avalishwe yake kabla boti haijaacha bandari. Mwenye tochi aivae shingoni, asiifungie ndani ya mzigo. Na anayewasha sigara karibu na bidoni azuiwe, hata kama ni mzee wa kuheshimiwa.

Mvuvi wa Tanganyika hatoki bila kujaribu taa zake, kwa sababu anajua thamani ya anachokifuata gizani. Tunachoomba ni kwamba anayetubeba sisi ajaribu zake pia.

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka ufuko wa Tanganyika. Safari njema, na mfike salama.