Kifaru juu ya meza

Likizo iliyopita niliunganisha kifaru cha plastiki, mfano wa Tiger I wa Wajerumani, kwa kipimo cha 1 kwa 16. Kaka yangu aliye ng'ambo ndiye aliyenitumia sanduku. Kifaru halisi, kilichoanza kutengenezwa 1942, kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 57 na mzinga wa milimita 88. Changu kina urefu wa zaidi ya nusu mita pamoja na mtutu. Mama mdogo alipokiona mezani alisema: «Mwanangu, vita tulivyoviona hapa Bunia havikutoshi?»

Swali lake ni la haki. Wenzangu wa kitivo wameniuliza vilevile, nami nitajibu kama mwanafunzi wa lugha.

Kabla ya kutia gundi, niliandika daftarini jina la kila kipande kwa Kiswahili. Wajerumani walikiita chombo hiki kwa jina la chui-milia, mnyama asiyeishi Afrika. Kiswahili kilimchagua kifaru, mzito, mwenye ngozi ngumu na pembe mbele. Mzinga ni neno la wafuga nyuki, gogo lililotobolewa ndani, kabla ya kuwa neno la askari. Bati nene ni deraya, magurudumu yanazungusha minyororo. Ndani walikaa watu 5: kamanda, mpiga mzinga, mpakia makombora, dereva na mwendesha redio. Nilikwama mahali pamoja, kwenye sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga. Nimeandika «mnara», rafiki yangu anataka «kichwa». Tunaendelea kubishana, lakini tunabishana kwa Kiswahili.

Mjini kwetu kila gari la vita ni «blende», liwe la minyororo au la matairi, liwe na mzinga au bunduki tu. Kila kinacholipuka ni «bomu». Sokoni inatosha. Mahakamani haitoshi. Katika kesi za Ituri huko The Hague, ile ya Thomas Lubanga, aliyepatikana na hatia 2012, na ile ya Bosco Ntaganda, 2019, wako mashahidi waliosema Kiswahili, na maneno yao yakapita kwa wakalimani. Shahidi akisema «bomu», je, ni kombora, guruneti, au bomu la kutegwa ardhini? Mkalimani akikisia, anaongeza au anapunguza ushahidi wa mtu aliyefiwa.

Mama mdogo hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Siku ya tatu alisimama mbele ya kifaru changu, akakitazama, akasema: «Yale niliyoyaona mimi yalikuwa na matairi. Hayakuwa na minyororo hii.» Hakuwahi kuniambia habari hizo. Nilikihamishia juu ya kabati, kwa kuwa meza ni ya chakula, na alama za jeshi lile sikuzibandika.

Naelewa wanaosema kwamba mji uliozika watu wengi hauna haja ya kuchezea silaha. Lakini kunyamazia majina ya silaha hakujamlinda yeyote. Napendekeza darasa letu la tafsiri litenge saa chache kwa msamiati huu, likianzia na kitu kinachoshikika, hata kama ni gari la waya lililotengenezwa na watoto wa mtaani kwetu. Kifaru changu nitakileta. Mwenye neno bora kuliko «mnara» aje nalo.