Raia, Ibara ya 41 na Amri za Kompyuta

Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humpa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile ambazo zikitolewa huenda zikahatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au zikaingilia faragha ya mtu mwingine. Miaka kumi baadaye ikatungwa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, inayomtaka afisa aliyepokea ombi atoe uamuzi wake katika siku 21. Sisi tunaofundisha uraia huishia hapo. Tunamweleza mwanafunzi haki yake, tunamwonyesha namna ya kuandika barua ya maombi, kisha tunafunga daftari. Hatumwambii afanye nini siku atakapokabidhiwa waraka wa bajeti wenye mamia ya kurasa.

Ndugu msomaji, haki ya kupata waraka ambao huwezi kuupekua ni nusu ya haki. Nami nashikilia kwamba mojawapo ya zana bora za kuupekua ni ile skrini ya maandishi matupu iitwayo terminali, ambayo wengi wetu tumeaminishwa kuwa ni ya wahandisi na wadukuzi wa kwenye filamu.

Tuseme mkazi wa Kapchorwa ana bajeti ya taifa katika faili ya PDF, na anataka kujua wilaya yake imetajwa wapi. Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, akishaingia katika folda yenye faili hiyo kwa amri ya cd, anaandika mistari miwili tu:

pdftotext -layout bajeti.pdf
grep -n -i kapchorwa bajeti.txt

Amri ya kwanza huutoa waraka katika PDF na kuufanya maandishi ya kawaida, huku ikijitahidi kuhifadhi mpangilio wa majedwali. Ya pili hupita katika maandishi hayo na kutoa kila mstari wenye neno Kapchorwa, likiwa kwa herufi kubwa au ndogo, pamoja na namba ya mstari wenyewe. Wilaya itatokea, manispaa nayo itatokea. Kuzitenganisha ni kazi ya msomaji. Na kama amri ya kwanza imetoa faili tupu, hilo nalo ni jibu: waraka ule ni picha za karatasi zilizopitishwa kwenye skana. Raia ana sababu ya kurudi ofisini na kuomba nakala yenye maandishi.

Atakuja mtu aniambie kwamba hata programu ya kawaida ya kusomea PDF ina kisanduku cha kutafutia neno. Ni kweli, na kwa waraka mmoja kisanduku hicho kinatosha. Lakini bajeti ya mwaka mmoja haisemi mengi. Mwenye bajeti za miaka minane, akishazigeuza zote kuwa maandishi, huzipekua kwa mstari mmoja na kuyahifadhi matokeo katika faili mpya:

grep -n -i kapchorwa bajeti*.txt > kapchorwa.txt

Hapa pana jambo ambalo kwangu ni zito kuliko wepesi wa kazi. Anayebofya kwa kipanya hawezi kumweleza mwenzake kwa usahihi alichokifanya. Mibofyo yake imekwisha kupotea. Aliyeandika amri anaweza kuinakili katika barua yake kwa diwani, na diwani, au karani wake, au mpinzani wake, akaiandika amri ileile juu ya waraka uleule na kupata mistari ileile. Mabishano yetu ya kijijini kuhusu fedha za umma huharibika kwa kukosa hasa hicho: kila mmoja ana takwimu zake, na hakuna anayeweza kuonyesha alivyozipata.

Wanafunzi hulalamika kwamba amri hizi ni vifupisho visivyo na maana. Wana haki kiasi. Mfumo wa Unix, ambao Linux imefuata desturi zake, ulianza katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, wakati watu walipowasiliana na kompyuta kupitia mashine za teletaipu zilizochapa herufi kama kumi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kuandika ls badala ya neno zima kulikuwa uungwana. Lakini sarufi yake haina ugeni kwa msemaji wa Kiswahili. Amri huanza na kitenzi kisicho na kiambishi cha nafsi wala cha wakati, kama tunavyosema “nakili”, “hamisha”, “orodhesha”. Hufuata namna ya kutenda, kisha kitendwa. Asemaye cp -r barua kumbukumbu amesema: nakili, pamoja na vyote vilivyomo, folda ya barua, uiweke katika kumbukumbu. Nimeona wanafunzi walioshindwa kukariri orodha ya menyu wakilielewa hili mara tu lilipofundishwa kama somo la lugha.

Kuhusu lugha, tusianze tena kutoka sifuri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mnamo 2004. Mwaka huohuo ukatoka mfumo wa Ubuntu, ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kupewa jina la Kinguni ambalo Mganda hulisikia kama obuntu na Mswahili kama utu. Jina tu halimfundishi mtu lolote, naam. Ila leseni za programu huria humruhusu yeyote kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa, na shule yenye kompyuta kumi kuukuu haihitaji kununua ruhusa ya kila moja.

Hofu ya kuharibu mashine ina msingi: amri ya rm hufuta faili bila kuipeleka kwenye pipa la taka, na mwanafunzi aambiwe hivyo siku ya kwanza. Dawa ni kuanzia kwenye Ubuntu inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, huku faili za shule zikiwa zimehifadhiwa kwingine. Asiye na kompyuta lakini ana simu ya Android anaweza kujifunzia kwenye programu ya Termux.

Masomo yetu ya kompyuta yamezoea kumfundisha kijana mahali vilipo vitufe vya programu fulani. Toleo likibadilika, vitufe huhama, na elimu yake huhama navyo. Amri ya grep imekuwapo tangu miaka ya 1970.

Ningependa walimu wa uraia, wa Kiswahili na wa kompyuta wapatane juu ya kazi moja ya muhula. Kila mwanafunzi apewe bajeti ya taifa na jina la wilaya yake. Ajue alipo kwa pwd, aone kilichopo kwa ls, aingie kwa cd, asome kwa less, atafute kwa grep, ahesabu mistari kwa wc -l. Waraka ukiwa kwa Kiingereza, atafute kwa Kiingereza na aeleze kwa Kiswahili. Kisha aandike barua ya ukurasa mmoja kwa afisa wa wilaya, akiuliza juu ya mstari mmoja tu alioupata, na chini ya sahihi yake aweke jina la waraka, amri aliyoitumia na namba ya mstari.