Mnalipia geti la nini?

Ndugu zangu wa Ukerewe, nyie mlioko Reading, Leicester, Manchester, Milton Keynes na kwingineko, leo nina neno na nyinyi. Najua litawaudhi baadhi yenu. Potelea mbali, bora tuambizane ukweli.

Kila likizo ya shule ikifika mambo ni yale yale. Watoto wamejifungia ndani na simu mkononi, mama kachoka, baba katoka zamu ya usiku. Ikipatikana siku moja ya mapumziko tunawapeleka wapi? Kwenye majengo ya maduka! Au tunajikamua tunanunua tiketi za viwanja vya michezo, tunapanga foleni saa nzima kwa bembea ya dakika mbili, chipsi bei ya kuruka, na jioni tunarudi tumenuniana kwenye gari. Ukiuliza kwa nini hatuendi mashambani, kwenye vilima na mito ya nchi hii, unapewa majibu mawili: "kule ghali" na "kule kwa Wazungu." Nasema hivi: yote mawili si kweli, na wanaoumia ni watoto.

Tuanze na hilo la ughali. Nadhani linalotuponza ni neno lenyewe, "hifadhi ya taifa." Mtu aliyekulia Bongo au Kenya akilisikia anaona geti, askari mwenye bunduki, kiingilio na gari la kukodi. Simlaumu. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai wakaondolewa humo. Sasa sikilizeni vizuri: mwaka huo huo wa 1951 Uingereza nayo ilitangaza hifadhi yake ya kwanza, Peak District, katikati ya Manchester na Sheffield. Huku wenyeji hawakuhamishwa kuipisha hifadhi. Watu wapatao 38,000 wanaishi ndani yake, na vijiji vyao, kondoo wao, shule zao na baa zao. Hakuna geti. Hakuna kiingilio. Unashuka kwenye treni, umeshaingia. Uingereza peke yake, ukiacha Wales na Uskoti, ina hifadhi 10 za namna hiyo, na hakuna hata moja inayokudai senti kwa kukanyaga ardhi yake.

Je, nauli? Kwenye treni mtoto wa chini ya miaka 5 halipi. Wa miaka 5 hadi 15 analipa nusu. Ukiwa na ile kadi ya Family & Friends wakubwa wanapunguziwa theluthi moja na watoto asilimia 60. Kutoka Manchester hadi Edale, chini ya mlima Kinder Scout, ni chini ya saa moja. Kutoka London hadi kituo cha Box Hill kule Surrey ni kama hivyo hivyo, na ukitembea kidogo unafika kwenye mawe ya kuvukia mto Mole, watoto waruke wapendavyo. Wa mashariki ya London panda Central line ushuke Loughton, msitu wa Epping uko pale pale. Tangu sheria ya mwaka 1878 msitu ule umelindwa kwa ajili ya watu kutembea na kupumzika. Pikeni pilau, wekeni kwenye hotpoti, bebeni mkeka. Hesabu hiyo ilinganishe na tiketi nne za bembea halafu uje uniambie kipi ghali.

Na wenye watoto wachanga msiseme kigari hakipiti. Kuna Monsal Trail huko huko Peak District, takriban kilomita 14, njia ya reli iliyofungwa mwaka 1968. Ni tambarare, na mahandaki yake yalifunguliwa tena kwa waenda kwa miguu mwaka 2011. Mtoto akishapita handaki la treni kwa miguu yake, mwalimu wake atasimuliwa wiki nzima.

Haya, sasa hilo la "kwa Wazungu." Wazungu gani? Ardhi hii walinyang'anywa kwanza Wazungu maskini. Kwa maelfu ya sheria za bunge, hasa karne ya 18 na 19, malisho ya vijiji yalizungushiwa uzio yakawa mali ya mabwana. Waliobaki bila kitu wengi wao wakaishia viwandani. Mpaka miaka ya 1930 mfanyakazi wa Manchester alikuwa akiuona mlima wa Kinder kwa macho tu. Kuupanda marufuku, bwana anafuga ndege wa kuwinda.

Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wakaupanda hivyo hivyo, kwa makusudi. Kiongozi wao alikuwa Benny Rothman, umri miaka 20. Watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Na huyo Rothman alikuwa nani? Mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Romania! Mtoto wa watu waliokuja na mabegi yao kama sisi. Sheria ya hifadhi ikapita mwaka 1949, na ile ya haki ya kutembea kwenye nyika na milima mwaka 2000. Mwaka 2002 mjukuu wa yule bwana mwenye mlima akaomba radhi hadharani. Kwa hiyo ukisema kule si kwetu, unamrudishia bwana uzio wake bila hata yeye kukuomba.

Nakubali, kukodolewa macho kupo. Krismasi ya mwaka 2021 kundi la Muslim Hikers lilitembea Peak District, picha zilipowekwa mtandaoni wakaporomoshewa matusi ya kibaguzi. Walifanya nini? Waliendelea kutembea. Black Girls Hike, lililoanzishwa na Rhiane Fatinikun mwaka 2019, nalo linatembea mpaka leo. Anayekutukana anataka ubaki nyumbani. Ukibaki, umemtii.

Serikali nayo siiachi. Magazeti ya hapa yanapenda kuorodhesha "matembezi ya kifamilia," na kila maelekezo yanaanza na mahali pa kuegesha gari. Asiye na gari je? Sheria ya usafiri ya mwaka 1985 iliyaachia makampuni biashara ya mabasi nje ya London, na kampuni haipeleki basi pasipo na faida. Nimesimama kwenye vituo vingi vya vijijini ambavyo ratiba yake inaishia Jumamosi. Jumapili, siku ambayo mvuja jasho ana nafasi, hakuna basi! Na hiyo haki ya mwaka 2000 inagusa takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya Uingereza, wakati Uskoti kwa sheria yao ya mwaka 2003 unatembea karibu kila mahali ilimradi uwe mstaarabu. Haya ni ya kumuuliza mbunge wako. Na wengi wetu hapa tuna kura, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi anaruhusiwa kupiga kura.

Lakini huwezi kudai basi la kwenda mahali usipotaka kwenda. Halafu kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kwa sheria ya barabara ya mwaka 1980, njia iliyopitwa na watu kama haki yao kwa miaka 20 mfululizo, bila kificho na bila kuzuiwa, inaweza kuandikishwa kuwa njia ya umma. Yaani miguu inajenga haki. Miguu yako wewe, ya mama mwenye kanga na ya mtoto mwenye buti la matope, inahesabika sawa na ya mzee mwenye mbwa wake.

Basi likizo ijayo, mshale wa manjano kwenye nguzo maana yake njia ya waenda kwa miguu. Ufuateni. Geti la kondoo mkilikuta limefungwa, mlifunge tena mkishapita. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Ni hayo tu kwa leo. Naomba kuwasilisha.