Kuchemsha maji hakutoshi Arusha

Mama mmoja kutoka Bujumbura aliniletea binti yake wa miaka tisa. Mtoto hakuwa na homa wala kikohozi. Mwalimu alikuwa amemwambia mbele ya wenzake ajifunze kupiga mswaki, naye aliporudi nyumbani akachukua majivu jikoni akasugua meno ya mbele mpaka fizi zikatoka damu. Madoa ya kahawia yakabaki palepale. Alipokuwa akinijibu maswali aliziba mdomo kwa kiganja.

"Daktari, mimi maji nachemsha kila siku," mama akasema.

Nilimwamini, maana ushahidi ulikuwa kwenye faili. Mtoto aliletwa kwangu kwa mara ya kwanza akiwa na mwaka mmoja, anaharisha, familia ina wiki chache tu tangu ihamie hapa kikazi. Mwandiko ni wangu mwenyewe: maji ya kunywa yanachemshwa. Nakumbuka nilimsifu. Sikumuuliza maji hayo yanatoka wapi.

Wazazi wenzangu, huu ni mji wa familia zinazokuja kukaa miaka kadhaa kisha zikaondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, na kuanzia 1995 hadi 2015 tulikuwa na Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mgeni akifika husaidiwa kutafuta nyumba Njiro au Sakina, shule na kibali cha kuishi. Juu ya maji huambiwa neno moja: chemsha.

Kuchemsha huua vijidudu, na msiache. Lakini udongo na miamba ya Mlima Meru ni ya volkano, na maji yanayopita humo hubeba madini ya floraidi. Madini hayo hayafi kwa moto. Maji yakitokota kwa muda mrefu yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote sufuriani, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa nayo nyingi zaidi kuliko mwanzo. Vidonge vya klorini haviiondoi, wala kitambaa, wala ile mitungi ya kawaida ya kuchujia.

Kidogo chake ni kizuri, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania yenyewe kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kuna maeneo ambako maji mengine hayakuwepo. Pande za Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu zinajulikana kwa kiwango kikubwa. Ila msidhani jina la mtaa linatosha kuwaambia. Chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana sana, na kisima kirefu kwenye nyumba nzuri ya kupanga hakina uhusiano wowote na uzuri wa nyumba.

Sasa angalieni hesabu ya miaka. Meno ya mbele ya kudumu huumbika ndani ya fizi tangu mtoto anazaliwa hadi anapofika miaka minne au mitano, na magego mengi huendelea mpaka karibu minane. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, tabaka gumu la nje la jino linatoka na mistari meupe, likiharibika zaidi linakuwa na madoa ya kahawia na vishimo. Familia ikija na mtoto mchanga ikakaa miaka mitano, mkataba wa baba umekwenda sambamba na meno ya mtoto. Wazazi wao hawaoni kitu, kwa sababu jino lililokwisha kuumbika halipati madoa hayo. Ndipo utasikia, "Mbona sisi tunakunywa haya haya na meno yetu meupe?"

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna. Mwenye nyumba anayepangisha kwa kutegemea kisima chake apime floraidi na amwonyeshe mpangaji karatasi. Ofisi inayoleta familia kutoka Kampala au Kigali iwaambie jambo hili kabla hawajasaini mkataba wa nyumba. Na sisi madaktari, tunaouliza chanjo na uzito kila mwezi, tuongeze swali moja: maji ya mtoto yanatoka wapi?

Wewe mzazi usisubiri wote hao. Mwenye mtoto chini ya miaka minane atafute maji mengine ya kunywa, ya uji, na hasa ya kukorogea maziwa ya kopo, kwa sababu mchanga hunywa mengi kulingana na mwili wake. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Tangi safi wakati wa masika linafaa, na hayo mchemshe. Maji ya chupa someni lebo. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo inafaa hata nyumbani mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Magadi kwenye makande punguzeni au acheni, baadhi yake yana floraidi nyingi sana. Mswaki uendelee: dawa kiasi cha punje ya mchele kwa wadogo, na mtoto ateme.

Wageni wengi wana uwezo wa kununua chupa. Jirani yao Mmeru hana mkataba unaokwisha, na wapo wazee huku ambao floraidi imewakaza mifupa na viungo. Kwao dawa ni bomba lenye maji salama, si ushauri wa daktari gazetini.

Neno lingine kwa haraka, maana likizo inakaribia. Malaria Arusha mjini ni kidogo, na mtoto aliyekulia hapa hana kinga ya wenzake wa Bujumbura au Mwanza. Akienda kwa bibi alale kwenye chandarua, na homa yoyote baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo.

Yule binti nilimpeleka kwa daktari wa meno. Madoa yanaweza kung'arishwa au kufunikwa, kwa gharama ambayo bima yao haikukubali kulipa yote. Mama aliandika barua kwa mwalimu. Ana mtoto wa pili, wa miaka mitatu, sasa anakunywa maji ya tangi la mvua. Aliniomba nimwangalie mdomoni. Meno yalikuwa meupe, lakini ni ya utoto, hayo huathirika kidogo. Tutajua atakapong'oa ya mbele.