Kazi ni Kazi, Iwe ya Jembe au ya Mpira

Mwezi wa Juni, mwaka 2019, timu ya wanawake ya Italia ilipambana na Jamaica mjini Reims, nchini Ufaransa, katika Kombe la Dunia. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu Waitalia hao waonekane katika mashindano hayo. Kipindi cha pili aliingizwa uwanjani kiungo mmoja wa miaka 22, Aurora Galli, mzaliwa wa Milano. Alifunga mabao 2, na Italia ikashinda 5 kwa 0. Siku 11 baadaye, mjini Montpellier, aliingizwa tena, akawafunga Wachina bao la pili, na Italia ikafika robo fainali. Huko ilitolewa na Uholanzi. Lakini katika mabao yote 9 ya Italia, 3 yalitoka mguuni mwa binti huyu.

Sasa na tuulize: mbele ya sheria ya nchi yake, binti huyu alikuwa nani? Hakuwa mfanyakazi. Sheria namba 91 ya mwaka 1981 iliwaachia wakuu wa kila mchezo waamue nani ahesabiwe mchezaji wa kulipwa. Wakuu wa mpira wa Italia waliwahesabu wanawake wote kuwa wachezaji wa ridhaa, yaani watu wachezao kwa kujifurahisha. Malipo yao yaliwekewa kikomo cha euro 30,000 hivi kwa mwaka, na haki za mwajiriwa, kama vile pensheni ya wachezaji wa kulipwa, hazikuwahusu.

Na kujifurahisha gani huko? Galli alikuwa mchezaji wa Juventus ya Torino, ambayo tangu mwaka 2018 hata 2021 ilitwaa ubingwa wa wanawake mara 4 mfululizo. Ajitayarishaye kwa kazi ya namna hiyo hufanya mazoezi siku baada ya siku, na akivunjika mguu, ni riziki yake iliyovunjika. Ikiwa hiyo si kazi, basi sisi hatujui maana ya neno kazi.

Wapo wasemao kwamba mpira wa wanawake hauingizi fedha, na kwamba kuwapa haki hizo kungezifilisi timu. Hoja hiyo tunaikataa. Wanaume wa daraja la tatu la Italia, ambao wengi wao huchezea viwanja vidogo mbele ya watazamaji haba, walihesabiwa wachezaji wa kulipwa. Wanawake wa daraja la kwanza hawakuhesabiwa. Kama kipimo kingekuwa fedha, kingewapima wote. Tena tarehe 24 Machi, 2019, Juventus na Fiorentina za wanawake zilipokutana Torino, walikuja watu zaidi ya 39,000. Umati ule haukwenda kutazama watu wakijifurahisha.

Mwaka 2021 Galli aliondoka akajiunga na Everton ya Uingereza, akatia sahihi mkataba wa mchezaji wa kulipwa. Tazama ajabu hii: ilimbidi avuke bahari ndipo aitwe kwa jina la kazi aliyokuwa akiifanya nyumbani miaka yote.

Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Wachezaji wenyewe, pamoja na chama chao, waliidai kwa muda mrefu, na miongoni mwa waliosimama mbele alikuwapo nahodha wao Sara Gama, ambaye baba yake ni Mkongo. Tarehe 1 Julai, 2022, daraja la kwanza la wanawake likahesabiwa rasmi kuwa la wachezaji wa kulipwa. Tunawapongeza. Lakini uamuzi ule uligusa daraja la kwanza peke yake. Wa daraja la pili walibaki katika ridhaa, nao hutoka jasho lile lile.

Kila mfanyakazi aelewe somo hili. Mwenye nguvu hana haja ya kukunyima kazi ili akudhulumu. Yatosha akatae kuiita kazi. Atakushangilia, atakupa maua, na siku ya ugonjwa atakuambia kwamba hukuwa mwajiriwa bali mpenzi wa mchezo. Sifa hazijazi chungu. Anayeshangilia bao hana budi kumtambua aliyelifunga kuwa ni mtu wa kazi, mwenye ujira wake na uzee wake.