Trela Yako Ina Breki Gani?

Mahindi yakisha kukauka hapa Turbo kila mwenye trekta huwa mtu mkubwa. Watu humwamkia asubuhi kabla hajanawa uso. Na swali wanalomwuliza ni moja tu: "Trela yako inachukua magunia mangapi?" Akijibu sitini wanafurahi, akijibu themanini wanafurahi zaidi. Miaka yote niliyokaa katika skimu hii sijasikia mtu hata mmoja akimwuliza trela yake inasimamaje.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gunia la mahindi ni kilo 90. Magunia 60 ni kilo 5,400. Trela yenyewe ikiwa tupu huenda ikawa tani moja na nusu. Jumla ni karibu tani 7. Sasa tazama trekta inayoivuta. Trekta nyingi tulizo nazo ni za tani mbili na nusu hivi, wala nyingi hazina breki mbele, ni magurudumu mawili ya nyuma tu ndiyo yanayokamata. Basi trekta moja inatakiwa kuzuia mzigo unaokaribia kuwa mara tatu ya uzito wake. Hiyo ni sawa na mtu mmoja kushika kamba ya mafahali watatu waliokwisha kuona maji.

Kutoka hapa kwenda Eldoret na mahindi twapanda, kwa kuwa Eldoret iko juu kuliko Turbo kwa mita 200 na zaidi. Kupanda hakuui mtu, trekta itachoka tu. Hatari iko wakati wa kurudi, maana siku hizi hakuna anayerudi na trela tupu. Tunarudi na mbolea. Mifuko 100 ya kilo 50 ni tani 5, nayo inateremka nyuma ya mgongo wako. Wenzetu wanaokwenda upande wa Webuye wana mteremko wao wa mto Kipkaren, nao wanaujua.

Mimi nilifundishwa na barabara. Nilinunua trela kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja, nikamwuliza mbona haina breki. Akacheka, akasema, "Mzee, trekta ina breki, hiyo yatosha." Nikaridhika, maana bei ilikuwa ndogo. Msimu uliofuata nilikuwa narudi na mbolea, mvua imenyesha, nimeacha lami na kuingia barabara yetu ya udongo. Mbele yangu ng'ombe wa jirani wakakata njia. Nikakanyaga breki. Trekta ikataka kusimama, lakini trela haikuwa na habari. Ikaisukuma trekta kwa nyuma, magurudumu yakateleza, na kabla sijajua la kufanya nikaiona trela yangu mwenyewe ikinipita kwa upande wa kulia. Tulimalizia mtaroni. Vijana wawili waliokuwa wamekaa juu ya mifuko walikuwa wameshuka dakika chache tu kabla, kwenye njia ya kwao. Kila nikiwaona vijana hao hukumbuka dakika hizo.

Kumbe kosa halikuwa la ng'ombe. Mzigo usio na breki yake husukuma kile kinachouvuta, na ukisukuma kwenye kona au penye matope hukunja trekta na trela kama kisu cha mfukoni. Tena mwendo una hesabu yake. Ukienda kilomita 30 kwa saa badala ya 15, nguvu ambayo breki zako zinapaswa kuimaliza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Huko Marekani na Kanada kuna watu, wengi wao wazee waliostaafu, wanaotembea nchi nzima kwa gari kubwa lenye kitanda na jiko ndani, na nyuma yake wamefunga motokaa ndogo ya kwendea sokoni wakishafika. Nao hubishana sana juu ya breki ya hiyo motokaa inayovutwa. Wengine huweka kisanduku mbele ya kiti cha dereva, chenye mkono unaoikanyaga pedali gari kubwa likipunguza mwendo. Wengine huona afadhali bomba liunganishwe na breki za gari kubwa lenyewe. Tena huweka waya ambao gari dogo likikatika njiani huvuta na kulisimamisha. Na majimbo mengi yana sheria inayodai breki hizo mzigo ukizidi uzito fulani. Sasa angalia: gari lao la mbele ndilo zito, na kinachovutwa ni chepesi, na bado hawathubutu kwenda bila breki ya nyuma. Kwetu sisi chepesi ndicho kinachovuta kizito, nasi twasema dereva ni hodari.

Basi, kuna breki za namna gani za trela? Ya kwanza ni ile ya kusukumwa. Ulimi wa trela umegawanyika, nusu moja huingia ndani ya nyingine. Trekta ikipunguza mwendo, trela huisukuma, ulimi unaingia, fimbo inavuta breki za magurudumu ya trela. Haihitaji kitu chochote kwenye trekta, kwa hiyo inafaa hata kwa trekta ya zamani au ya kukodi. Ubaya wake ni huu: ukirudi nyuma inajifunga yenyewe, hasa zile za zamani. Kwa hiyo madereva hufunga ulimi kwa waya wakati wa kurudi nyuma, halafu wanasahau kuufungua. Nimeona trela tatu zenye breki nzuri sana na waya wenye kutu. Hizo hazina breki.

Ya pili ni ya oili. Bomba hutoka kwenye trekta, na ukikanyaga pedali trela nayo inakamata. Hii ina nguvu na dereva anaitawala. Lakini ni lazima trekta iwe na valvu yake maalumu ya breki ya trela, na nyingi za zamani hazina, ingawa fundi anayejua kazi aweza kuiweka. Msikubali ujanja wa kuliunganisha bomba hilo na oili ya kuinulia trela na kuvuta kijiti kwa mkono. Magurudumu hujifunga mara moja, na trela inateleza kama sabuni. Tena bomba likiwa moja tu, likichomoka umekwisha. Ndiyo sababu nchi za Ulaya zimeanza kuondoa mtindo wa bomba moja katika trekta mpya na kutaka mawili.

Ya tatu ni ya upepo, kama ya malori. Ikiwa na mabomba mawili, bomba la kuleta upepo likikatika trela hujifunga yenyewe. Kwa usalama sijaona ya kuishinda. Lakini inataka kompresa kwenye trekta, na mtungi wake uondolewe maji kila siku, na gharama yake si ya mtu wa ekari kumi na tano.

Maoni yangu ni haya. Mkulima mwenye trela ndogo ya magurudumu mawili, anayebeba mazao yake mwenyewe kwa njia zetu za ndani, achukue breki ya kusukumwa yenye hendibreki, na mnyororo ufungwe kutoka kwenye hendibreki hiyo hadi kwenye trekta, ili pini ikitoka mnyororo uivute. Lakini anayebebea watu kwa malipo na kuingia barabara kuu ya Malaba, kati ya mabasi na malori ya mafuta, huyo asituambie habari za gharama. Anunue ya oili au ya upepo. Akishindwa, abebe magunia 30 na kwenda mara mbili.

Na breki yoyote utakayochagua, pedali mbili za trekta zifungwe pamoja kabla ya kutoka shambani. Ukikanyaga moja barabarani trekta hugeuka kama shambani. Gia ndogo iingizwe juu ya mlima, si katikati yake, wala usiachie trekta iende fri ili kuokoa dizeli.

Nisisahau jambo jingine tunalolifanya kila wiki, yaani kuvuta pikapu iliyokufa kwa kamba. Yule anayekaa ndani ya pikapu ajue kwamba injini ikiwa imezimwa, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kijana mdogo hawezi. Akae mtu mzima mwenye mguu wa nguvu, na badala ya kamba mtumie chuma kigumu.

Katika kikundi chetu cha trekta nilileta pendekezo kwamba trela isiyo na breki isipakiwe mahindi ya wanachama. Wazee wawili waliniunga mkono. Wengine walisema fedha za mwaka huu zimekwisha kupangiwa mbao za kuinua kuta za trela, ili ibebe magunia 20 zaidi. Shauri likaahirishwa mpaka mkutano ujao. Mimi nimemwomba fundi aje na trela mbili, moja yenye breki na moja isiyo nayo, zipakiwe sawasawa, tuzisimamishe uwanjani mbele ya wanachama wote, kisha tupime alama za magurudumu kwa hatua.